Nguo Tatu Mkononi, Hakuna Inayokwisha

SWALI: Nashona nyumbani peke yangu. Naanza gauni, naliacha nipinde suruali ya mtu, mara nashika simu. Jioni hakuna kilichokamilika. Nifanyeje?

JIBU: Bidii unayo, dada, unachokosa ni kumaliza. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba ukihama kazi kabla haijaisha, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Basi juu ya cherehani iwe nguo moja. Nyingine zifunge mfukoni, hata za wateja wasumbufu (hizo hasa!). Mtu akibisha hodi, kabla hujainuka tia alama ya chaki ulipofikia, uandike kinachofuata: “zipu, kisha pindo.” Ukirudi hutaanza kujiuliza. Simu ikae chumbani, WhatsApp uijibu mchana na jioni. Na acha kumwahidi kila mteja “njoo kesho.”