SOMO: UA WA KUMLINDA PAKA WA GHALA



Katika maboma mengi paka ndiye askari wa ghala. Asipokuwapo, panya hutoboa magunia, hula mahindi na kuchafua yanayobaki kwa mkojo na mavi. Lakini usiku tunamwacha atembee popote. Siku moja harudi, ndipo tunakimbilia sumu ya panya na watoto wanacheza papo hapo. Tujifunze kumjengea ua.

Hatari za nje

1. Mbwa wanaozurura. Paka akiumwa na mbwa mwenye kichaa, naye huugua, na anaweza kumwambukiza mtoto anayemshika.
2. Sumu. Paka akila panya aliyekula sumu, anaweza kufa pia.
3. Magari, hasa usiku.
4. Ugomvi. Akila vifaranga vya jirani atapigwa, nanyi mtakosana.

Ua wa namna gani?

Usizungushie shamba zima, ni gharama bure. Chagua uwanja mdogo kati ya ghala na jikoni.

Wengine watauliza, "Sasa paka si anapanda? Ua utamzuia vipi?" Swali zuri. Fikiria lile bati tunalofunga kwenye miguu ya ghala. Panya hapiti kwa sababu kucha zake hazishiki. Kwa paka ni vivyo hivyo.

Hatua za kufuata

- Simamisha nguzo zenye urefu wa futi 6 juu ya ardhi. Sehemu ya chini ipake oili chafu ili mchwa wasiile.
- Funga wavu wa kuku upande wa ndani, nguzo zibaki nje asizipande. Fukia wavu nusu futi au panga mawe, mbwa asichimbe.
- Juu kabisa, upande wa ndani, pigilia mabati makuukuu yenye upana wa futi 2. Kunja ncha zisikate mtu. Kama hakuna mabati, acha wavu wa futi moja na nusu uinamie ndani. Paka akifika hapo hukuta wavu juu ya kichwa, hurudi chini.
- Ondoa kuni, mapipa na matawi karibu na ua, maana hizo ni ngazi zake. Mti usioweza kukatwa uvishe bati.
- Mlango ufike chini, usiache nafasi.

Seng'enge ya miiba peke yake haimzuii paka, humchana tu. Kayaba ikipandwa nje ya wavu itazuia mbwa, ingawa huchukua miaka kadhaa kufunga vizuri. Usitumie mnyaa, kwani utomvu wake huumiza macho ya watoto na ya wanyama.

Mwingize paka kabla ya giza, mpe maji na chakula kidogo. Msidhani akishiba hatawinda. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, ila mwenye njaa ndiye hutangatanga.

Ua peke yake hautoshi

Paka achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huu kufikia 2030. Sisi vijijini tuna sehemu yetu. Kikundi kinaweza kumwita daktari wa mifugo siku moja, mkagawana gharama ya safari.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje dalili, zikishaonekana karibu kila mara mgonjwa hufa.

Maswali ya kujadili

1. Ni paka wangapi wamepotea kijijini mwaka huu, na kwa sababu gani?
2. Nani ana mabati au wavu uliobaki wa kuanzia ua wa kwanza?
3. Tukubaliane vipi kuhusu sumu ya panya, maana panya wa jirani huvuka ua?