Mafunzo kwa Wenye Motokaa: Gari Linalokunywa Maji Kila Siku

Wenye magari madogo ya kazi katika Mukuru kwa Reuben huamka kabla ya jogoo. Mtaa huo uko kusini-mashariki mwa jiji la Nairobi, kando ya Eneo la Viwanda, katika jimbo la Embakasi Kusini. Alfajiri pikapu hutoka humo kwenda soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, kuleta nyanya, viazi, vitunguu na sukuma wiki. Gari la namna hiyo si pambo. Ndilo shamba la mwenyewe, na siku linapokufa, karo ya shule, kodi ya nyumba na biashara ya mama mboga anayengoja mzigo husimama pamoja nalo.

Katika maradhi ya motokaa, joto ni moja ya yale yanayoua injini upesi. Hata hivyo hudharauliwa, maana dawa yake huonekana kuwa rahisi: mtungi wa maji nyuma ya kiti. Dereva husema, "Gari langu linakunywa maji kidogo," kama mtu asemaye habari za ng'ombe wake. Lakini gari lenye afya halinywi maji. Linalotaka maji kila siku ni gonjwa, na kulinywesha si kulitibu.

Kazi ya maji

Petroli inapoungua ndani ya silinda, chini ya theluthi moja ya nguvu yake ndiyo huendesha magurudumu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hugeuka joto; nusu yake hivi hutoka na moshi, na nyingine huingia katika chuma cha injini. Joto hilo la chuma ndilo huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma kuzunguka silinda, kisha hupita katika mpira wa juu mpaka kwenye rejeta, ambako hugawanyika katika mirija myembamba na kupozwa na upepo. Baada ya hapo hurudi kwa mpira wa chini, na safari huanza upya.

Gari likienda mbio, upepo huja wenyewe. Lakini katika msongamano wa Enterprise Road, au katika njia nyembamba za mtaa ambamo gari hutambaa nyuma ya mikokoteni, hakuna upepo ila ule wa feni. Kwa hiyo gari ambalo feni yake ni mbovu laweza kwenda salama njia kuu, kisha likachemka limesimama.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba maji hayo huzunguka tu. Hayaliwi na kitu chochote. Yakipungua, yametoka mahali, na mahali hapo hapana budi patafutwe.

Kifuniko cha rejeta

Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100 za Selsiasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi; maji huchemka kwa digrii 95 hivi. Mpishi wa Nairobi aijua habari hii bila kipimajoto, maana maharagwe yake hukawia kuiva kuliko ya mwenzake wa pwani. Injini nayo hufanya kazi vizuri ikiwa na joto la digrii 90 hivi. Kama rejeta ingekuwa sufuria iliyo wazi, pangebaki digrii chache tu kabla maji hayajachemka.

Kwa sababu hiyo rejeta ilipewa kifuniko chenye springi. Kifuniko hicho huuzuia mvuke usitoke, na maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka joto lipite digrii 110. Springi ikilegea, au mpira wake ukipasuka, maji huchemka mapema na kumwagika njiani, hata kama pampu na feni ni nzima. Basi mtu anaweza kufungua injini nzima kwa gharama kubwa, na kosa lilikuwa katika kifuniko ambacho bei yake ni ndogo sana.

Lakini kifuniko kile kile kinachoiokoa injini chaweza kumpofusha mwenyewe. Maji yenye joto la digrii 110 hubaki maji kwa kuwa yamebanwa. Kikifunguliwa, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Maji ya moto na mvuke hurushwa usoni mwa aliyeinama juu yake.

Mfano

Mzee mmoja atoka Marikiti saa mbili asubuhi na mzigo wa nyanya. Kabla hajafika kwa Reuben, mshale wa joto wapanda mpaka kwenye alama nyekundu. Asimama kando ya barabara, afungua boneti, ashika kitambaa. Kijana mmoja fundi wa jua kali, aliyekaa karibu na sanduku lake la spana, amkimbilia.

"Mzee, ngoja kwanza! Usikiguse hicho kifuniko."

"Nyanya zitaharibika juani, kijana wangu. Nitie maji niende. Kila siku mimi hufanya hivi hivi."

"Kila siku, mzee? Basi maji hayo huenda wapi?"

Mzee anyamaza, maana hajawahi kujiuliza swali hilo.

Wangoja zaidi ya nusu saa, mpaka mpira wa juu waweza kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Ndipo fundi afunika kifuniko kwa kitambaa kinene, ageuza uso pembeni, na kukizungusha polepole mpaka kituo cha kwanza, ili mvuke uliobaki utoke kidogo kidogo. Baadaye akifungua kabisa. Kabla ya kutia maji achunguza mipira yote, na kwenye mpira wa chini aona alama nyeupe ya maji yaliyokauka. Klipu imelegea. Aikaza kwa bisibisi, atia maji polepole, awasha injini na kutazama kama panavuja tena. Kazi yenyewe haikuchukua dakika 10. Nyanya zilichelewa sokoni, lakini zilifika, na injini ilipona.

Mashauri ya njiani

Magari mengi ya Kenya yaliingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa kwa Kijapani. Kwa hiyo shule ya dereva ni dereva mwenzake. Hilo ni jema. Lakini mashauri ya njiani yafaa yapimwe kabla ya kufuatwa.

Shauri la kwanza husema, "Ng'oa thamostati, Afrika ni nchi ya joto." Si kweli. Thamostati ni mlango unaofunguka maji yanapopata moto wa kutosha. Ukiondolewa, injini hukawia kupata joto lake, hula petroli zaidi na huchakaa upesi. Na katika injini nyingine maji hukosa njia iliyokusudiwa, na joto huzidi badala ya kupungua. Thamostati ikiharibika, itiwe mpya.

Shauri la pili ni kumwagia injini ya moto maji baridi. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafula hupinda au hupasuka, na silinda hedi iliyopasuka ni hasara kubwa.

Shauri la tatu ni kutia bizari au yai ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Huenda tundu likaziba kwa muda, lakini mirija myembamba huziba vilevile, na gari lililovuja leo huchemka kesho.

Shauri la nne ni jema, ijapokuwa huonekana kama mzaha. Joto likianza kupanda katika msongamano, dereva azime kipoza hewa, kisha afungulie hita mpaka mwisho. Hita huchukua joto lake katika maji yale yale ya injini, kwa hiyo hufanya kazi kama rejeta ndogo ya pili. Abiria watatoka jasho, lakini dereva huenda akapata nafasi ya kufika mahali salama pa kusimama. Mshale ukifika kwenye nyekundu, asiendelee hata hatua moja, azime injini. Magari mengine hayana mshale, ila taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu joto likizidi. Taa hiyo nyekundu ni amri ya kusimama.

Kuutafuta ugonjwa

Mwenye gari afanye uchunguzi huu asubuhi, injini ikiwa baridi:

1. Atazame chini ya gari. Maji safi yaliyodondoka baada ya kutumia kipoza hewa si neno. Matone ya kijani au ya waridi ni maji ya rejeta. Meusi ni mafuta ya injini.

2. Aibonyeze mipira yote. Uliolainika mno, uliovimba au wenye nyufa ubadilishwe.

3. Autazame mkanda kama umelegea au umekatika nyuzi, na feni ya umeme kama huzunguka joto linapopanda.

4. Achomoe kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukizidi kutoka hata injini ikiwa moto, gasketi ya silinda hedi yaweza kuwa imeungua na maji yanaingia ndani. Gari hilo lisiendeshwe, bali lipelekwe kwa fundi.

Maji ya kisima yenye chumvi yasitiwe katika rejeta ila kwa dharura, kwa maana huacha ukoko ndani ya mirija. Kilicho bora ni kulanti. Wengine hudhani ni ya nchi za barafu tu, lakini huzuia kutu na kuongeza kiwango cha joto ambacho maji huchemkia.

Na mtu akiungua, sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa daktari, hasa akiwa ameungua uso au macho. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala yai.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtungi wa maji nyuma ya kiti si kosa. Huweza kumfikisha mtu kwa fundi. Kosa ni kuujaza kila asubuhi bila kuuliza yale ya jana yalikwenda wapi.