"Dokta, hii siyo bangi, ni hempu"



Mzee mmoja alinijia hapa Tukuyu na mwanawe. Siku tatu kijana alikuwa halali, anasikia sauti za watu wasiokuwepo. Alikiri kuwa anavuta, lakini akang'ang'ania: "Dokta, hii siyo bangi. Ni hempu, hapo Malawi imeruhusiwa." Mzee akanitazama, anataka kujua kama ni kweli.

Hempu ipo. Ni mmea ule ule wa bangi, ila mbegu yake ni nyingine, mfano wa mgomba wa ndizi za kupika na mgomba wa ndizi za kuiva. Kinachozitenganisha ni kemikali inayolevya, THC. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, hempu isizidi asilimia 0.3 ya kemikali hiyo. Bangi ya kuvuta huweza kuwa na mara kumi hadi hamsini ya hapo. Hempu hupandwa kwa kubanana, irefuke itoe nyuzi za kamba na nguo. Bangi hupewa nafasi itanuke, kwani ulevi umejaa kwenye maua ya mmea jike. (Mkonge, tunaouita katani, ni mmea mwingine kabisa.)

Lakini jani ni lile lile. Likishakauka na kusokotwa, jicho halitofautishi. Ni kazi ya maabara. Nikamwambia kijana: hempu ya kweli ungeivuta ungeambulia kikohozi tu. Kama ilikulevya, basi ilikuwa bangi.

Na Malawi haikuruhusu watu kujivutia. Sheria yao ya mwaka 2020 inahusu wenye leseni, kwa ajili ya viwanda na dawa. Ukivuka nayo Kasumulu unakutana na sheria yetu ya mwaka 2015, inayokataza kulima bangi na kuwa nayo.

Kifiqhi, hukumu inafuata ulevi, haifuati jina. Kamba ya hempu haina ubaya. Hata karatasi za Waislamu wa kale kule Samarkand zilitokana na matambara ya kitani na hempu.

Mzazi, ukiona kijana halali, anaongea peke yake, anashuku kila mtu, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo endelea nacho, lakini usimfunge kamba nyumbani ukingojea apoe. Na usitufiche alichovuta. Sisi si polisi. Tunauliza ili tujue tumpe tiba gani.