Somo la Wenye Kushika Daftari: Mali Yatoka Wapi?

Vijana wetu wengi wa Mji wa Kale, wake kwa waume, sasa wasoma uhasibu na kuufanyia mitihani ya KASNEB, na jambo hili latufurahisha sana. Lakini twaona kuwa wafunzwa zaidi kujumlisha na kutoa mpaka pande mbili za daftari zilingane, wala hawafunzwi ya kutosha kuuliza mali yenyewe imetoka wapi. Hesabu za mtihani huja zimekwisha kupangwa, na hakuna amtumaye mwanafunzi kwenda ghalani kutazama kama hayo magunia yaliyoandikwa yapo. Ndiyo maana tumependa somo la leo liwe juu ya utakatishaji wa fedha haramu. Neno lenyewe, tukisema kweli, halitupendezi, kwani mali ya haramu haitakati kwa kuandikwa vizuri. Lakini ndilo lililoenea, nasi tutalitumia.

Mji wetu hauko mbali na jambo hili. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi katika bahari ya mashariki ya Mombasa lenye zaidi ya kilo 1,000 za heroini. Mwaka wa 2019 na wa 2020 mahkama ya New York iliwahukumu ndugu wawili waliokamatwa hapa Mombasa vifungo vya miaka 25 na 23 kwa biashara ya unga. Vijana walioharibiwa na unga twawajua. Wamelala barazani mwetu. Unga ukikamatwa huharibiwa, lakini fedha za ule uliokwisha kuuzwa haziharibiwi. Huzunguka. Na katika mzunguko wake sharuti zipite mkononi mwa mtu mwenye kalamu.

Hupitaje? Natupige mfano. Mtu ana duka la vitambaa, na kwa siku auza shilingi elfu ishirini. Katika daftari yaandikwa laki tatu, na hizo laki tatu zapelekwa benki kama mauzo. Hapo fedha zimeingia mlangoni. Kisha zatumwa kwa kampuni nyingine, na kutoka huko kwa nyingine, kwa jina la mkopo au la bei ya bidhaa, mpaka mwenye kuzifuata apotee njia. Mwisho zarudi kwa mwenyewe zikiwa nyumba ya ghorofa, naye aitwa tajiri mwenye bahati. Mhasibu aliyefunzwa sawasawa hahitaji upelelezi wa polisi kulitambua duka hili. Atazame vitambaa vilivyonunuliwa: vyatosha kuuzwa kwa laki tatu kila siku? Atazame mishahara, umeme na kodi ya pango. Mauzo yakipanda mara kumi na kumi na tano, na ununuzi ukikaa pale pale, basi daftari lenyewe limekwisha kusema.

Bandarini Kilindini hila ni nyingine, nayo ni ngumu zaidi kuiona. Bidhaa ya dola elfu moja yaandikiwa ankara ya dola elfu hamsini, na hizo zilizozidi zavuka mpaka kwa jina la malipo halali. Au bidhaa haipo kabisa. Taifa hili lilipata somo hilo kwa gharama kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale kampuni ya Goldenberg ilipodai malipo ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ilizosema yazipeleka nje. Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa chache mno. Karatasi zilikuwa kamili, mihuri ilikuwepo. Kilichokosekana ni dhahabu.

Jambo la tatu, na hili latuuma kwa sababu ni desturi yetu, ni kuazima jina. Mtu humwendea jamaa yake maskini akamwambia, "Tia sahihi hapa, wewe ndiwe mkurugenzi." Naye kwa haya au kwa haja hutia. Tangu mwaka wa 2020 kanuni za makampuni zataka aandikwe mwenye mali wa kweli, yaani kila anayemiliki asilimia kumi au zaidi, hata akiwa amejificha nyuma ya jina la mwingine. Mhasibu anayefungua kampuni kwa niaba ya mteja asitosheke na jina la kwenye karatasi. Amuulize yule aliyeandikwa: kampuni yako yauza nini? Asipojua, huyo si mwenyewe.

Hata madrasa na misikiti haikusalimika. Akija mtu na sadaka kubwa ya fedha taslimu, kisha baada ya wiki akasema amezidisha, akaomba nusu irudishwe kwa hundi kwa fundi wake, mweka hazina na asimame hapo. Hundi ya msikiti imekuwa sabuni yake.

Huenda mtu akauliza: Je, hawala ni haramu kwa sheria hizi? Jawabu ni kuwa hawala ni muamala wa kale, unaojulikana katika fiqhi, nao ndio uwalishao wengi wenye jamaa ng'ambo. Ubaya hauko katika hawala bali katika hawala isiyoandikwa. Mwezi wa Aprili 2015 serikali ilisimamisha leseni za makampuni 13 ya kupeleka fedha, ikaziachilia mwezi wa Juni, na waliotaabika ni wale waliokuwa wakingoja matumizi. Nasi twaona adhabu ile iliwapata wengi wasio na kosa. Lakini twaona pia kuwa Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika tangu zamani, kabla ya serikali yoyote kututaka.

Ama sheria yenyewe ilipitishwa mwaka wa 2009, ikaanza kutumika Juni 2010. Mhasibu yumo ndani yake anapomnunulia au kumuuzia mteja ardhi, anaposhika fedha au akaunti zake, au anapomuundia kampuni. Sharuti amjue mteja, aweke kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka saba, na akishuku apeleke habari kwa Kituo cha Kuripoti Masuala ya Fedha bila ya kumdokezea anayeshukiwa. Hili la mwisho ndilo zito katika mji mdogo kama wetu, ambapo mteja ni mjomba au jirani wa ukuta mmoja. Februari 2024 Kenya ilitiwa katika orodha ya nchi zinazochunguzwa zaidi na shirika la kimataifa la kupambana na fedha haramu, na moja katika sababu ni udhaifu wa usimamizi wa kazi kama hizi.

Na wengine husema: "Mimi ni karani tu, nitaweza nini?" David Munyakei alikuwa karani tu wa Benki Kuu. Aliyaona malipo ya Goldenberg, akatoa karatasi zake zikafika bungeni. Mwaka wa 1993 alikamatwa kwa sheria ya siri za serikali. Kesi ikaondoka, lakini kazi hakurudishiwa. Akaja huku kwetu Mombasa, akasilimu, akaishi kwa shida. Tume ya uchunguzi ilimsikiliza miaka kumi baadaye, naye alifariki mwaka wa 2006. Wakati wake hapakuwa na mahali pa kupeleka habari ile, wala kifungu cha kumkinga aliyeipeleka kwa nia njema. Leo vyote viwili vimo katika sheria ya 2009, na wanafunzi wetu wengi wa uhasibu hawajaisoma.