DARSA: USHENZI UKO WAPI?



Sisi watu wa miji ya pwani tuna maneno mawili yasiyotutoka mdomoni: ustaarabu na ushenzi. La kwanza twajipa wenyewe, la pili twawapa wengine. Mtu akivaa kanzu safi, akajua kuamkia wakubwa na kula kwa adabu, twamwita mstaarabu. Ama yule atokaye mbali, asiyezijua desturi zetu, mara ngapi ameitwa mshenzi, na huenda ni mwema kuliko aliyemwita! Hata asili ya neno ustaarabu yaonyesha kiburi hiki, kwani katika Kiarabu maana yake ni mtu kujifanya Mwarabu, kama kwamba adabu ni mali ya kabila moja.

Darsa yetu ya leo ni juu ya kitabu alichokiandika Mwingereza kuwaonya Waingereza wenziwe na ugonjwa huu huu. Jina lake ni "Lord of the Flies", yaani Bwana wa Nzi, nalo latokana na jina la Kiebrania ambalo watu wa kale walimwita shetani. Mtungaji wake, William Golding, alizaliwa mwaka 1911 akafa mwaka 1993. Alikuwa mwalimu wa skuli ya wavulana katika mji wa Salisbury. Ilipokuja Vita vya Pili aliingia katika jeshi la majini, na Juni 1944 alikuwako majeshi yalipoteremka pwani ya Ufaransa. Mwenyewe alieleza baadae kuwa vita ndivyo vilivyomgeuza fikra, kwa sababu aliona mataifa yenye elimu na ufundi yakitenda mambo ambayo hayasemeki. Kitabu kilitoka mwaka 1954, baada ya kukataliwa na wachapaji wengi, na mwaka 1983 mtungaji wake alipewa tunzo ya Nobel.

Ni lazima kujua pia kuwa kitabu hiki ni jawabu. Mwaka 1857 R. M. Ballantyne alitunga "The Coral Island", kisa cha vijana watatu wa Kiingereza waliotupwa kisiwani. Vijana hao ni wema na mashujaa, na uovu wote katika kisa hicho watoka kwa maharamia na kwa wenyeji wa visiwa. Golding aliwajua watoto kwa kuwasomesha, akauliza: je, lau wangekuwa watoto wa kweli, ingekuwaje?

KISA CHENYEWE

Wakati wa vita vikubwa, ndege iliyowachukua watoto wa skuli kuwakimbiza na mabomu yaanguka katika kisiwa kisichokuwa na watu. Hapana mtu mzima aliyesalimika. Watoto wenyewe ni wa miaka sita mpaka kumi na miwili. Mmoja, jina lake Ralph, aokota kombe kubwa la pwani, lile livumalo kama baragumu likipulizwa. Kwa sauti yake wakusanyika, wamchagua Ralph kuwa mkubwa wao, na wapatana kuwa alishikaye kombe ndiye mwenye haki ya kusema. Sisi tulioisikia khabari ya siwa za Lamu na Pate hatuoni ajabu kuwa chombo cha kupuliza chaweza kuwa alama ya enzi.

Waweka sheria tatu nne: wajenge vibanda, watunze moto mlimani ili meli ipitayo ione moshi, na kulla mtu asikilizwe kwa zamu. Ralph amepata mshauri, mtoto mnene mwenye pumu na miwani. Huyu ndiye mwenye akili kuliko wote, na miwani yake ndiyo iwashayo moto. Wenziwe wamwita Piggy, yaani Kijinguruwe. Tangu mwanzo wa kitabu mpaka mwisho hapana hata mmoja amwulizaye jina lake la haki.

Mtoto mwengine, Jack, apenda kuwinda. Siku moja achukua walinzi wa moto kwenda kuwinda nguruwe, na moto wazimika wakati ule ule meli ipitapo. Nyama yapatikana, wokovu wakosekana. Tangu hapo mambo yaharibika. Jack ajipaka udongo na makaa usoni, na nyuma ya uso ule wa bandia haya yamtoka. Khofu ya mnyama wa usiku yaenea, na aitumia kuwavuta wengi upande wake. Mmoja wao, Simon, mpole na mwenye kufikiri, ndiye atambuaye kuwa mnyama waliyemwogopa yumo ndani yao wenyewe. Apanda mlimani, aona kuwa kinachotisha huko ni maiti ya rubani aliyenasa katika mwavuli wake, na ashuka kuwapa khabari. Awakuta usiku, katika mvua na radi, wakicheza ngoma ya kuwinda. Wote wamrukia wakamwua.

Halafu Piggy naye auawa kwa jabali lililosukumwa makusudi, na kombe lapasuka vipande vipande. Ralph awindwa kama nguruwe, na kisiwa chatiwa moto ili atoke mafichoni. Moto huo wa kuua ndio uonwao na meli. Ofisa wa manowari ateremka, ashangaa kuwa watoto wa Kiingereza wamefikia hali ile. Nyuma yake yaonekana manowari yake, ambayo nayo imo katika kazi ya kuwinda watu.

MKONO WA ROGER

Katika kisa hiki kuna mahali padogo ambapo msomaji wa haraka hupapita, nasi twataka tusimame hapo. Mapema, kabla ya damu yo yote kumwagika, mtoto aitwaye Roger amtupia mawe kijana mdogo achezaye pwani. Lakini amtupia pembeni. Kumzunguka mtoto yule kuna nafasi ya kama yadi sita ambayo Roger hathubutu kuirusha ndani jiwe. Ni nini kimzuiacho? Wazee wake, mwalimu wake, polisi na sheria, na wote hawako! Wako mbali, na nchi yao yaangamia kwa vita, lakini mazoea yao yangali yameushika mkono wake.

Roger huyo huyo ndiye baadae alisukumaye jabali lililomwua Piggy. Moyo wake siku ya mwanzo na siku ya mwisho ni mmoja. Kilichopungua ni khofu ya kuonekana. Ustaarabu wake ulikuwa ukilindwa na macho ya watu, na macho yalipoondoka nao ukaondoka.

UDHURU WA ASUBUHI

Pahala pa pili ni asubuhi baada ya kuuawa Simon. Ralph na Piggy, walio wema katika kisa hiki, nao walikuwako katika duara ile ya usiku. Ralph akiri kuwa lile lilikuwa jambo la kuua. Piggy asema ilikuwa ajali, na kwamba wao walikuwa pembeni. Wawili wengine wadai kuwa waliondoka mapema. Kulla mtu atafuta udhuru.

Ndugu yangu, je, hatujapata kuona mwizi wa kuku akipigwa njiani na kundi la watu? Aliye mbele apiga kwa fimbo, aliye nyuma kwa ulimi, na mwengine asimama atazama. Akifa, waulize kesho yake: wote walikuwa mbali! Na katika kundi lile hapana mgeni; ni majirani tuwajuao kwa majina, na huenda asubuhi walitoka na nguo zilizopigwa pasi.

JE, MTU NI MUOVU KWA ASILI?

Golding aona kuwa uovu ni maradhi yaliyomo katika umbo la binadamu. Hapa hatukubaliani naye moja kwa moja. Dini yetu yatufundisha kuwa mtoto huzaliwa katika fitra iliyo safi, na kwamba nafsi imejulishwa njia zote mbili, ya uovu na ya ucha Mungu. Aitakasaye ndiye afaulaye.

Na kuna khabari ya kweli inayotusaidia. Mwaka 1965 wavulana sita wa skuli moja ya Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, waliondoka na mashua pasina ruhusa. Dhoruba iliwavunjia mashua, na baada ya siku nane walifika Ata, kisiwa kisichokaliwa. Walikaa huko kiasi cha miezi kumi na mitano, mpaka Septemba 1966 alipowaona nahodha wa Australia, Peter Warner. Walikuwa wamelima, wamegawana zamu, na moto wao haukuzimika. Wawili wakigombana, kulla mmoja hupelekwa upande wake mpaka hasira ipoe. Mmoja alipovunjika mguu, wenziwe walimfunga kwa vijiti na kumfanyia kazi yake mpaka akapona. Asubuhi na jioni walikuwa wakiimba na kusali.

Hatusemi kuwa mfano mmoja wabatilisha kitabu kizima. Sita hawa walikuwa wachache, wakubwa kidogo, tena marafiki. Lakini wao pia hawakuwa na polisi wala mwalimu. Kilichowashika kilikuwa ndani yao, nao walikirudia kulla siku kwa kazi na kwa sala ili kisilale.

FUNZO LETU

Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako. Ushenzi hauna bara wala pwani. Humo katika nyumba yenye mazulia mtumishi hukaa miaka kumi bila ya kuitwa jina lake, na mtoto mnene wa chuoni hubandikwa jina la mnyama, nasi twacheka. Mambo haya ni madogo, kama yale mawe ya Roger yaliyotupwa pembeni. Basi yatupasa tuwalee watoto wetu juu ya haya iliyo ndani, wamche Mungu wakiwa peke yao kama wamchavyo mbele ya watu. Na tuanze kwa nafsi zetu, kwani mtoto hujifunza zaidi kwa akionacho.

MASUALA YA KUJADILIWA KATIKA KIKAO

1. Ni jambo gani unaloliacha kwa kuogopa watu tu, na ungelitenda lau ungekuwa peke yako?
2. Ukikuta kundi likimpiga mtu, wajibu wako ni nini, na udhuru gani haukubaliki?
3. Ni nani katika mtaa wako ambaye wamjua kwa jina la kejeli tu? Jina lake la haki ni lipi?