Mazoezi na dawa za kila siku kwa mwanamke wa Nyanda za Juu Kusini

SWALI: Mama wa miaka 54, mkazi wa Ipogolo, Iringa, anameza dawa za presha na kisukari kila siku. Analima na kufanya kazi zote za nyumbani. Je, bado anahitaji mazoezi, na akiyafanya anaweza kuziacha dawa?

JIBU: Mazoezi husaidiana na dawa, lakini hayachukui nafasi yake. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mwili huendelea kuitikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi tatu. Kwa mwenye presha, kutembea kwa kasi mara kwa mara hushusha namba ya juu ya kipimo kwa takriban 5 hadi 8. Kwa hiyo daktari anaweza kupunguza dozi ya mgonjwa aliyejenga pumzi, vipimo vikionyesha hivyo. Anayejiachisha mwenyewe kwa sababu anajisikia vizuri yuko hatarini, kwani presha hupanda bila maumivu na dalili yake ya kwanza inaweza kuwa kiharusi.

Presha na kisukari ni tatizo kubwa. Uchunguzi wa kitaifa wa Tanzania wa 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, na karibu 9 kati ya 100 wana kisukari. Uzito uliozidi ulikuwa mwingi zaidi kwa wanawake. Baada ya hedhi kukoma, presha huelekea kupanda na misuli na mifupa hupungua nguvu.

Kazi ya jembe ni mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unahesabu shughuli za shambani na nyumbani katika dakika 150 hadi 300 kwa wiki zinazopendekezwa kwa mtu mzima, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Lakini mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja. Anayelima na kupalilia kuanzia Novemba anaweza kukaa kwa miezi baada ya mavuno. Naye mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, anaweza kukaa dukani kutwa na kurudi nyumbani kwa bajaji. Wote wawili wanahitaji kutembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Mwenye kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Pumzi hupimwa bila mashine. Kasi inayofaa ni ile inayomwezesha mtu kuongea, lakini si kuimba. Kupanda kutoka Ipogolo hadi mjini, au mitaa ya Mbeya inayoelekea Mlima Loleza, ni kipimo kizuri: mteremko uleule ukipandwa kwa vituo vichache kuliko mwezi uliopita, pumzi imeongezeka. Nguvu ya miguu hupimwa kwa kusimama na kukaa kwenye kiti kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mwanamke wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 12 ana miguu dhaifu kuliko wastani wa rika lake.

Baadhi ya dawa zinahitaji uangalifu. Insulini na glibenklamidi, dawa za kisukari, zinaweza kushusha sukari kupita kiasi wakati wa mazoezi. Mtu akitetemeka, akatoka jasho jembamba na kuhisi njaa kali, asimame na anywe maji yenye sukari, ambayo ni vyema kuyabeba. Atenololi, dawa ya presha, hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakuonyeshi ukali wa zoezi. Kipimo cha kuongea ndicho kinachofaa. Dawa za kukojoza humpotezea mtu maji, na kizunguzungu hutokea akisimama ghafla. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofungwa na akague nyayo kila jioni.

Iringa na Mbeya zina jambo jingine. Uchunguzi wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, na kitaifa wanawake ndio walioathirika zaidi. Tangu 2019 Tanzania inatumia vidonge vyenye dolutegraviri, dawa yenye nguvu ambayo kwa baadhi ya watu, hasa wanawake, huambatana na kuongezeka uzito. Suluhisho ni mazoezi, mlo wenye wanga kiasi na kupimwa presha na sukari kliniki. Kuruka vidonge huwapa virusi nafasi ya kuwa sugu.

Juni na Julai baridi huwazuia watu ndani, na presha yenyewe huelekea kupanda. Matembezi yahamishiwe saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida hata ukiwa umepumzika, au presha iliyofika 180 kwa 110 ni sababu ya kusitisha mazoezi na kwenda kituo cha afya.