Kuazima na Kusikia

SWALI: Mheshimiwa Ustadhi, mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Makandana, Tukuyu. Nikiandika "borrow me your book" au "I hear cold", mwalimu hupiga mstari mwekundu. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Mwanangu, kosa lako si la uvivu wala la upungufu wa akili, bali latokana na Kiswahili chetu, ambacho kwa neno moja, kuazima, aghalabu humtaja mwenye kutoa na mwenye kupokea pia, ilhali Kiingereza kimewafarikisha wawili hao: "lend" ni la atoaye, na "borrow" ni la apokeaye. Sema, basi, "lend me your book". Na ukitaka kipimo, tazama kukopa na kukopesha, ambako lugha yetu yenyewe imezitenga pande hizo mbili.

Kadhalika, kusikia kwetu kumekusanya sikio, pua na ngozi, hata mtu husikia kengele, harufu ya majani ya chai, na baridi ya ukungu ushukao kutoka Mlima Rungwe. Lakini "hear" ni milki ya sikio peke yake, harufu ina "smell" yake, na mwenye baridi husema "I feel cold".

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri neno, jiulize kwanza nani atendaye, na kwa kiungo gani. Hapo Kiingereza chako kitanyoka, na Kiswahili chako kitabaki na heshima yake kamili.